Saa Niliyoing'arisha

Ijumaa iliyopita nilimkabidhi Shiro funguo za kibanda chetu cha kutengeneza saa, nikavua aproni, nikaenda nyumbani. Sherehe ya kuniaga ilikuwa imepangwa Jumamosi, na mimi keki siipendi. Nimekikalia kile kiti kilichopinda mguu pale Shauri Moyo, upande unaotazama soko la Gikomba, tangu nikiwa kijana mwenye nywele nyingi hadi leo ambapo miwani yangu ni mizito kuliko nywele zangu. Shiro, ambaye nimemfundisha kazi na sasa ananishinda, aliniomba niandike ninayoyajua ili yeye na mafundi wenzake wayasome nikishaondoka. "Mzee, andika hata kama ni kidogo," alisema. "Hatutaki kukupigia simu kila siku." Nikajua ananipenda, na nikajua pia kwamba hataki nimsumbue.

Basi naanza na swali ambalo watu hutuletea kila wiki. Juzi tu, kabla sijaondoka, aliingia jamaa mmoja mwenye viatu vyeupe, akaegemea meza yangu ya kazi, jambo ambalo mtu haruhusiwi kulifanya. "Niaje, fundi. Nataka saa kali, lakini isiwe ya kushuka bei. Siku ikifika ya shida, niuze na nisilie." Ni swali zuri. Ila siwezi kulijibu vizuri bila kueleza nilivyojifunza kazi, na siwezi kulijibu kwa ukweli bila kutaja jambo ambalo kwa miaka mingi niliwaficha watu wa pale kibandani. Nimelibeba muda mrefu na limenichosha.

Nilifika Nairobi kutoka Bungoma nikiwa na begi moja na barua ya kumpa mjomba wangu, aliyekuwa akizibua mitaro ya kaunsili na kuishi Majengo. Kila Jumapili mjomba alicheza drafti ya vifuniko vya soda na Mzee Mwangi, fundi wa saa. Jumapili moja mjomba akashinda, na badala ya kudai soda akadai nifundishwe kazi. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika ufundi wa saa. Wengine huitwa na Mungu, mimi niliitwa na drafti.

Mzee Mwangi alikuwa mtu mwembamba wa Murang'a aliyevaa koti hata jua likiwaka. Lenzi aliyoibana jichoni ilikuwa imemwachia duara ambalo halikutoka hata siku za kanisa. Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kugusa saa. Kazi yangu ilikuwa kupiga magoti na sumaku kutafuta skrubu zilizoanguka, na skrubu ya saa ya mkono ni ndogo kuliko mbegu ya mchicha. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," aliniambia, huku yeye akinywa chai. Nilifikiri anatania. Baadaye nikagundua kwamba fundi asiyejua kutafuta skrubu iliyopotea huweka nyingine yoyote inayoingia, na saa ya watu huanza kuharibika hapo.

Majirani zetu walikuwa mafundi wa mabati, wanaogonga masanduku na karai tangu asubuhi hadi jioni. Katika kelele ile huwezi kusikia saa ya mkono hata ukiibandika sikioni. Siku moja nilimwona Mzee Mwangi akiweka saa katikati ya meno na kufumba macho. Nikadhani njaa imemzidi. Akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, akanipa. "Uma polepole. Sauti inapita kwenye mfupa. Masikio ni ya umbea." Nikauma, na kwa mara ya kwanza nikaisikia saa ikitembea ndani ya kichwa changu, wazi kabisa, kana kwamba mabati yote ya Shauri Moyo yamenyamaza. Nilisisimka mwili mzima. Hadi leo sijui raha nyingine ya kazi inayoshinda ile.

Alikuwa pia na desturi ambayo mafundi wengi wa zamani walikuwa nayo. Kabla ya kuifunga saa alichukua sindano, akakwaruza ndani ya kifuniko cha nyuma herufi M, na mwezi, na mwaka. Mwenye saa hawezi kuviona maisha yake yote. "Fundi mwingine akiifungua atajua ni nani wa kulaumiwa," alisema. Nilipohitimu alinipa sindano yangu na kuniambia nitumie herufi W, ya Wekesa. Sikupewa cheti kingine, wala sikukihitaji.

Saa za bei kubwa zilitufikia chache. Zilikuja na watu wa reli na wa kaunsili walioachiwa na mabosi waliorudi kwao ng'ambo, au watu waliofanya kazi Ulaya wakarudi nazo mkononi na baridi kifuani. Mtu akitaka kununua saa ya namna hiyo, Mzee Mwangi alimwambia ailete kwanza tuione. Dhahabu hakuijali. Alisema dhahabu inawafurahisha bibi harusi na mwizi. Alichopenda ni saa ya chuma cha pua, kutoka kiwanda kinachojulikana, ambacho bado kinatengeneza vipuri vyake. Aliipima kwa kidole kwenye kingo za kasha. Kingo zikiwa bado kali, alitabasamu. Zikiwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, alijua imesuguliwa. Kisha aliutazama uso wake kwa lenzi, herufi moja moja, kuona kama rangi ni ile iliyotoka nayo kiwandani. Aliulizia sanduku na makaratasi yake. Mwisho kabisa alifungua nyuma, akasoma alama za waliotangulia.

"Saa iliyozeeka na makovu yake, bei yake inakaa," alisema. "Saa iliyozeeka na sura ya mtoto, uliza ni nani aliyeichuna." Na kwangu mimi alikuwa na amri moja, aliyoirudia hadi nikaichoka: "Usiifanye mpya. Ifanye itembee."

Niliyasikia yote, nikayakariri, na siku ilipofika nikayasahau.

Kati ya wateja wetu alikuwepo Bwana Ochieng, karani wa stoo katika reli, aliyekaa nyumba za kaunsili mwendo wa dakika tano kutoka kibandani. Wenzake walipokuwa wakiweka akiba wanunue ploti za kujenga Kayole na Umoja, yeye aliweka akiba yake miaka mingi akanunua saa ya Uswisi kutoka kwa injinia mmoja mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Saa yenyewe ilikuwa ya chuma, si kubwa, yenye uso mweusi uliofifia kwa jua hadi ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Sanduku na makaratasi aliviweka kabatini chini ya mashuka ya wageni. Watu walipomuuliza ploti yake iko wapi, alikunja mkono wa shati na kuonyesha. "Hii hapa. Hii haina mawe ya mpaka wala kesi."

Mtaa mzima ukamcheka. Jirani wa nyumba ya mwisho katika ile safu yao ndiye aliyembandika jina la Ploti, na jina likashika kama rangi ya mafuta. "Ploti, umepanda nini msimu huu?" wangemwuliza akitoka kazini. "Ploti, mvua imefika kwako?" Naye alicheka nao, kwa sababu alijua anachokijua. Kila baada ya miaka michache alituletea saa, Mzee Mwangi akaisafisha na kuitia mafuta, akakwaruza M yake, akairudisha bila kugusa hata mkwaruzo mmoja wa nje. "Inatembea," Mzee angesema. "Inatembea," Ochieng angejibu. Maneno yao yaliishia hapo, na niliona wanaridhika kuliko watu wanaoongea saa nzima.

Kisha macho ya Mzee Mwangi yakaanza kumwacha. Akarudi Murang'a kwa kahawa yake, akaniachia meza, kiti na wateja. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyeachiwa meza. Nilinunua mashine ya umeme ya kupiga polishi, ya kwanza kuonekana Shauri Moyo, na watu walikuja kutazama mikanda ya saa ikitoka inang'aa. Niliandika kibao: Saa Yako Iwe Mpya. Mtaona wenyewe nilikuwa nimeshapotea.

Mwaka uleule Ochieng akaja, amevaa suti. Binti yake, Akinyi, alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na siku aliyoisubiri ilikuwa imefika. Alikuwa amempata mnunuzi mjini, mtu anayejua saa. "Fundi, nisafishie tu vile Mzee alikuwa anasafisha," aliniambia. "Wiki ijayo nauza ploti." Macho yake yalikuwa na unyevu. Nikamwambia, "Mzee, niachie mimi. Nitaifanya mpaka mwenye kununua aombe miwani ya jua."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilijiambia methali hiyo nikiwasha mashine. Nilisugua kasha hadi makovu yote ya miaka ya reli yakaisha, na kingo zikaisha pamoja nayo. Uso niliupeleka kwa mtu wa mjini aliyepaka nyuso za saa rangi upya, ukarudi mweusi tititi kama kiatu cha askari. Mishale yake ilikuwa imegeuka manjano, nikaitoa na kutia mipya myeupe niliyopata kwenye kopo langu la vipuri. Nilifanya haya yote bure, kama zawadi. Kisha nikafungua kifuniko cha nyuma, nikazikuta M nne zimepangana, nami nikakwaruza W yangu chini yake. Nilijiona nimefika.

Ochieng aliichukua akidhani ni uchafu tu wa miaka uliotoka, akaipeleka mjini, akarudi siku hiyohiyo, suti imemlegea. Aliketi kwenye benchi la wateja. "Jamaa ameangalia dakika mbili tu," alisema. "Amesema imechezewa. Amesema angeinunua kama saa ya kawaida, ya kuvaa, basi. Ameniambia pole." Akaitazama saa ikimeta kiganjani. "Kumbe yule injinia aliniuzia kitu kimechezewa. Miaka hii yote. Wekesa, kumbe walikuwa na haki ya kucheka."

Mnajua nilichopaswa kusema. Sentensi moja tu: ni mimi niliyeichezea. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini kile kibao kilikuwa nyuma ya kichwa changu, na wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni wanasikiliza, na nilikuwa fundi mkuu kwa mara ya kwanza maishani. Nikasema, "Pole sana, Mzee." Akainuka akaenda zake. Niliona haya, na haya ile haikuniacha, ilijifunza tu kukaa kimya.

Hakuiuza. Aliirudisha kwenye sanduku, chini ya mashuka, na hakuivaa tena. Mtaani wakaona mkono wake mtupu na wakaelewa wenyewe. Sasa utani ukawa mwingine, wa mtu aliyetapeliwa ardhi: "Ploti, walikuuzia barabara?" Siku hizo hakucheka nao tena. Akinyi aliikosa nafasi yake ya chuo, akaenda Industrial Area kwa miguu kila alfajiri kupanga biskuti kiwandani, hadi akapata njia nyingine ya kusoma.

Mzee Mwangi alikuja mara moja tu baadaye, kunisalimia. Alikuwa anaona kivuli tu, lakini akasikia mashine. Aliniuliza, "Saa ya Ochieng iko wapi?" Nikamweleza yote, maana yeye sikuweza kumdanganya. Alipapasa ukingo wa meza ile aliyoifanyia kazi maisha yake. "Uliweka alama yako?" akauliza. Nikasema niliweka. "Basi hiyo kazi haijaisha," akasema. Akaomba chai. Kesho yake niliiuza mashine na kuking'oa kile kibao, lakini kwa Ochieng sikwenda. Mzee Mwangi alifariki akijua hivyo.

Miaka ikaenda. Saa za betri zikaja, kisha feki zikajaa Gikomba kwa magunia, kisha simu zikaja na watu wakasema kazi yetu imekwisha. Haikwisha. Walioziweka saa za baba zao kabatini walianza kuzitoa, na vijana wakaanza kuulizia zile kuukuu kuliko mpya. Kila mmoja aliyeuliza jinsi ya kuchagua, nilimjibu kwa maneno ya Mzee Mwangi: chuma kabla ya dhahabu, kiwanda chenye vipuri, kingo kali, uso wake wa asili, sanduku na makaratasi, na usimruhusu fundi aifanye mpya. Walinisifu kwa hekima hiyo. Shiro aliinukuu mbele ya wateja. Kila nilipoisikia niliiona ile suti iliyolegea.

Wiki yangu ya mwisho tulikuwa tunasafisha droo, mimi na Shiro. Akatoa kijikopo cha peremende, akakifungua. Ndani, kwenye karatasi iliyokunjwa na kuandikwa Ochieng, ilikuwepo mishale miwili ya manjano. Mzee Mwangi alinifundisha kutotupa kipuri cha mteja, na hilo moja nililitii.

"Hizi mikono ni za nani, Mzee?" Shiro akauliza.

Nikamtajia saa ilikuwa aina gani. Akachukua simu, akatafuta, akapiga mluzi. "Cheki hii. Hii yenye uso imefifia ikakuwa brauni, hiyo ndiyo watu wanapigania. Hii pesa unajenga nayo nyumba, Mzee, na geti. Zenye zimepakwa rangi hakuna mtu anataka." Kisha akaniona uso. "Mzee? Uko sawa?"

Nilimweleza. Aliikunja tena ile karatasi. "Na bado anaishi?" aliuliza. Nikasema bado, nyumba ileile. Akanisogezea begi langu la bisibisi. "Sasa unangoja nini?"

Nilikwenda asubuhi iliyofuata. Akinyi alinifungulia, amevaa sare yake ya uuguzi, anajiandaa kwenda zamu. Mzee Ochieng alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amevuka themanini, masikio yamemchoka. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia naomba niione saa. Akinyi alisita, kisha akaitoa chini ya mashuka. Ilikuwa bado inang'aa, aibu tupu. Nilifungua kifuniko cha nyuma mbele yao, nikampa Akinyi lenzi, nikamwonyesha zile M nne na W moja chini yake.

"Hiyo W ni mimi," nikasema. "Saa hii ilikuwa ya kweli, ya asili, haikuwa imeguswa. Yule injinia hakumdanganya baba yako. Mzee alinunua kitu kizuri kuliko ploti zote za mtaa huu. Ni mimi niliyeisugua, nikapaka uso, nikabadilisha mishale, halafu nikanyamaza."

Akinyi aliitoa lenzi jichoni polepole. "Miaka miwili, Fundi," alisema. "Miaka miwili nilipanga biskuti." Aliinama akamwambia baba yake sikioni, neno kwa neno, kila nilichosema.

Niliitoa mfukoni ile mishale ya manjano, nikaing'oa ile mipya na kuirudisha ya zamani palepale magotini kwangu, nikaifunga saa na kuitia ufunguo. Mzee aliichukua, akaiweka sikioni, akatikisa kichwa. Hakusikia kitu. Nikamwonyesha kwa vidole aiweke kwenye meno. Akauma, akafumba macho. Kifua chake kikapanda na kushuka. Akaitoa mdomoni.

"Inatembea," alisema.

"Inatembea, Mzee. Naomba unisamehe."

"Mambo ya msamaha tutaongea," alisema, akiifunga saa mkononi. "Kwanza sema tena ile ulimwambia Akinyi."

Nikasema tena. Akaweka kiganja sikioni.

"Kwa nguvu."

Nikapaza sauti.

"Fungua mlango kwanza," alisema. "Halafu useme."

Nikaufungua mlango. Uani kina mama walikuwa wakianika nguo, wazee wawili wamekaa juani na redio. Nikasimama kizingitini, mtu mzima wa kustaafu, nikapiga kelele kwamba saa ya Mzee Ochieng haikuwa feki wala haikuchezewa na mzungu yeyote, kwamba yeye alichagua vizuri kuliko sisi sote, na kwamba aliyeiharibu ni mimi, Wekesa fundi wa saa. Redio ikazimwa. Mmoja wa kina mama akashika mdomo.

Nilipogeuka, Mzee Ochieng alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono mmoja begani kwa Akinyi, ule mwingine umekunjwa shati hadi kwenye kiwiko.

"Bado nyumba ya mwisho," alisema. "Yule ndiye alinipa jina la Ploti, na yeye pia hasikii vizuri. Twende."

Tukaenda.